Siku arobaini za WinRAR: sheawea au programu huria kwa vijana wa Majengo?

Maalim_Majengo
Assalamu alaykum jamaa. Hapa Majengo, Mombasa, tumepata kompyuta 12 zilizotumika, tumezipanga kwenye chumba cha nyuma ya madrasa. Zimekuja tupu, hazina kitu ndani. Vijana wanaanza mwezi ujao, kila siku baada ya Alasiri. Kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka tuweke sheawea, yaani hizi programu unazopewa ujaribu kwa muda kisha ulipe, kwa sababu ndizo vijana watakazozikuta makazini. Kuna wanaotaka programu huria tupu, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi ya ndani yanayoiendesha programu) uko wazi, kila mtu aweze kuzirekebisha na kuzigawa: Ubuntu ya kuendeshea kompyuta, LibreOffice ya kazi za ofisi, GIMP ya picha, 7-Zip ya kubana na kufungua mafaili. Mimi nimeelemea huria lakini si fundi. Nipeni faida na hasara nikazisome Ijumaa. Tuelimishane, tusigombane.

Kilindini88
Wa alaykum salaam Maalim. Huria, wala usiulize mara mbili. Nimekaa ofisi za mizigo tangu enzi za flopi. Sheawea ni chambo. Unaonjeshwa, unazoea, kazi zako zote zinakaa katika umbo analolijua yeye peke yake, ndipo dirisha linapojitokeza: lipa. Angalia RAR, umbo la mafaili yaliyobanwa linalotengenezwa na sheawea iitwayo WinRAR. Faili la RAR utalifungua kwa 7-Zip bila shida, lakini kulitengeneza huwezi, mpaka uwe na programu yao. Hata ule msimbo wa kufungulia waliouachia una sharti: usiutumie kuunda upya ufundi wao wa kubana. Ukimtumia mtu faili hilo umemfungia nalo.

Na wenzangu wenye saiba, maduka ya intaneti, pale Mwembe Tayari, WinRAR inakupa siku 40 za kujaribu. Siku za mwizi ni arobaini. Nyinyi mko mwaka wa kumi.

Saiba_MwembeTayari
Kilindini, mwizi nani? Nijibu hapa hapa, mbele za watu.

Saiba yangu ina miaka kumi na tano. Nalipa pango, nalipa stima, nalipa leseni ya kaunti, namlipa kijana wa zamu. Sijawahi kuweka kreki hata moja, yaani nakala iliyovunjwa kufuli ya malipo, wallahi. Hiyo WinRAR siku ya 41 inafunguka kama kawaida, inakukumbusha tu kwamba muda umekwisha. Mwenye mali ameacha mlango wazi kwa hiari yake, hajanishtaki wala hajanifungia. Wewe jirani ndiwe unayepiga yowe la mwizi. Mali yako?

Binti_Kuze
Kaka Saiba, mlango wazi si idhini. Masharti yanasema ukimaliza siku 40 ununue au uiondoe. Ulibonyeza "nakubali". Hiyo ni ahadi. Kutofungiwa hakubadilishi ahadi uliyoitoa. Nakwambia kwa heshima, nami mwenyewe niliiondoa mwaka jana kwa sababu hiyo hiyo.

Tudor_Mdogo
Sheawea haikuwa mbaya hivyo. Ndiyo iliyotupa mchezo wa Doom! Si ndiyo ya kwanza kabisa? Unapewa sehemu ya kwanza bure, mbili zilizobaki unanunua.

Nyali_Msimbo
Tudor, Doom ni 1993. Sheawea ina umri mkubwa zaidi. 1982 kule Marekani Andrew Fluegelman aliandika PC-Talk akaiachia watu wanakiliane, akaomba dola 25 kwa aliyeipenda. Mwaka huo huo Jim Knopf akafanya vivyo hivyo na PC-File. Kisha Bob Wallace na PC-Write: ukijisajili unalipa dola 75, na nakala yako ikimfikia mwingine naye akajisajili, unarudishiwa dola 25. Hiyo ni chambo? Mtu amekuamini kabla hujampa senti, akakuachia umgawie na jirani.

Kilindini, neno "chambo" limenichoma. Naandika programu ya hesabu za maduka. Mwenye duka anaitumia siku 30, akiridhika ananilipa kwa M-Pesa, asiporidhika tunaagana. Wanangu wanasoma kwa pesa hiyo. Nyinyi wa huria mnakula wapi? 2014 ulipogunduliwa ule upenyo wa usalama wa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ikajulikana kwamba waliokuwa wakiitunza walikuwa wakipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Dunia nzima imeegemea ukuta, na fundi wa ukuta hana hata posho. Maalim, hiyo isomee kamati.

Kilindini88
"Mnakula wapi." Nimelea watoto wanne kwa kazi za bandari, sijaja kwako kuomba unga.

Halafu wewe ni mtaalamu na bado unachanganya bure na huria? Mwingereza anayo sababu ya kuchanganya, lugha yake ina neno moja, "free", kwa yote mawili. Richard Stallman alianza mradi wa programu huria wa GNU 1983 na mpaka leo anawafafanulia watu kwamba haongei habari ya bei. Sisi tuna bure, na tuna huria. Leseni ya mradi huo, GPL, inakuruhusu kuuza! Uza programu yako hata elfu kumi. Inachotaka ni unayemuuzia apate na msimbo, aweze kuirekebisha na kumpa mwenziwe.

Nyali_Msimbo
Na akishampa mwenziwe, nani atakuja kununua kwangu? Duka la pili liko hatua tatu kutoka la kwanza, hapo Kongowea.

Tudor_Mdogo
Kwani huria na huru tofauti yake nini? Si tuseme programu huru?

Binti_Kuze
Huru ni mtu au nchi. Huria ni kama soko huria, liko wazi kwa kila mtu.

Tudor_Mdogo
Lakini soko huria ni la kuuziana. Basi Nyali ameshinda.

Fundi_Buxton
Jamani, Maalim ameuliza habari ya kompyuta 12.

Niseme ninachokiona mezani. Mwezi wa pili alikuja mama mmoja na tarakilishi ya mwanawe. Kijana alitaka programu ya kuhariri video, muda wa majaribio ukaisha, akatafuta kreki. Nilipoiwasha, kila picha ilikuwa imeongezwa herufi nne nyuma ya jina lake, na kila folda ina karatasi moja ya maandishi: tuma pesa urudishiwe. Picha za harusi ya dadake zote zilikuwa humo, hazina nakala popote. Mama aliniuliza, "Fundi, hata moja?" Sikuwa na hata moja ya kumpa.

Si kosa la mwenye sheawea, najua. Ila kijana wa miaka 16 aso na kadi ya benki, ukimpa kitu kinachokatika siku ya 30, hatanunua. Atatafuta kreki. Maalim, vijana wako ndio hao.

Na jingine. Mwanzo wa 2019 ulitangazwa upenyo ndani ya WinRAR uliokaa miaka 19, katika kipande cha kufungulia mafaili ya ACE, umbo jingine la kubana. Wenyewe hawakuweza kukirekebisha, maana kipande hicho kilitoka kwa watu wengine na msimbo wake hawakuwa nao. Wakakiondoa chote. Wauzaji wenyewe walikuwa wamefungiwa nje ya nyumba yao.

Saiba_MwembeTayari
Fundi, narudia, kreki sijawahi. Msinitie kwenye kapu hilo.

Na Kilindini anayeisifu huria, aje kwangu mwisho wa Juni. Watu wamepanga foleni mpaka barazani na fomu za kodi, fomu yenyewe ni jedwali la Eksel lenye makro ndani, yaani amri zinazojiendesha ukibonyeza kitufe. Niliwahi kuweka LibreOffice kwenye mashine zote, mwaka mmoja. Unajaza ukurasa wa kwanza, wa pili, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Mzee wa watu ametoka Likoni, kivuko kimemchelewesha, saa nne za usiku, na saa sita ndio mwisho. Nilikimbia kwa jirani na flashi mkononi. Ukombozi wenu siku hiyo ulikuwa wapi?

Kilindini88
Kosa la aliyetengeneza fomu, si la LibreOffice.

Saiba_MwembeTayari
Mzee wa Likoni anajali kosa ni la nani? Na bado hujaniomba radhi.

Binti_Kuze
Hapo kaka Saiba yuko sawa. Mimi nafundisha sekondari, najua uzito wa kukuta kitu tofauti siku ya mtihani. Lakini Maalim, mwanafunzi akijua jedwali ni nini, na safu, na fomula, programu nyingine ataizoea kwa wiki mbili. Aliyekariri mahali kitufe kilipo ndiye atakayepotea.

Maalim_Majengo
Shukran. Nina swali dogo. Kuna mjumbe anasema ipo programu huria ya Kiswahili, ni kweli?

Kilindini88
Kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitafsiri OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, kwa Kiswahili, ikatoka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu msimbo uko wazi. Sheawea ya nani ungeweza kuifanyia hivyo? Na ndio miaka hiyo hiyo niliyopata CD za Ubuntu kwa posta, hapo Digo Road. Bahasha ngumu, stempu za ng'ambo, ndani CD na neno moja: wape na wengine. Nilizigawa ofisi nzima. Ninayo moja mpaka leo.

Tudor_Mdogo
Kiswahili cha Dar sasa. Watasema kompyuta. Sisi shuleni ni tarakilishi.

Nyali_Msimbo
Hakuna Mmombasa aliyewahi kusema tarakilishi akiwa nje ya darasa.

Fundi_Buxton
Mimi nimesema, juu hapo. Soma.

Tudor_Mdogo
Umeona! Na menyu iitwe nini? Orodha?

Saiba_MwembeTayari
Maalim, achana na hawa. Weka huria kwenye kumi, mbili ziachie Windows kwa ajili ya fomu. Hizo kumi na mbili utaziunganisha kwa kitu gani? Nina swichi ya matundu 16 iko bure kwenye rafu, na kebo kama mita 60. Nitazileta Jumamosi baada ya Alasiri na kukufungia mwenyewe, sitaki hela. Ila Kilindini asiwepo.

Kilindini88
Nitakuwepo. CD nitaileta mimi. Na neno la mwizi nimeliondoa, nilikosea kulisema mbele za watu. Lakini inunue hiyo WinRAR, au uiondoe.

Saiba_MwembeTayari
"Nimeliondoa" si "niwie radhi".