Mrejesho: Amana ya mpangaji, Kampala

Asanteni kwa majibu. Niliuliza kama inafaa kupokea amana kabla ya kumchunguza anayeomba nyumba ya kodi ya shilingi 700,000 kwa mwezi. Haifai. Ukishika pesa mapema, ukimkataa inageuka deni na ugomvi.

Utaratibu nitakaoufuata: kwanza kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa au kijiji) wa anakotoka, kisha kumpigia simu mwenye nyumba anakoishi sasa. Mpigie wa kabla ya huyo pia, maana wa sasa huenda anataka tu mtu aondoke. Mkataba unafuata, na kwa maandishi: Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inadai hivyo kodi ikifika 500,000.

Amana ni ya mwezi mmoja, yenye risiti yake. Ukiiandika kwenye risiti moja na kodi ya miezi mitatu, mpangaji atasema alilipa minne, na huna cha kumjibu. Akituma kwa simu, angalia jina la mtumaji lilingane na la mkataba.

Siku ya funguo, orodhesheni vitu chumba kwa chumba: vitasa, vioo, sinki, soketi, pamoja na picha. Wote wawili wasaini. Andikeni namba iliyo kwenye mita ya maji. Umeme wa Yaka (mita ya malipo ya kabla) hulipiwa kabla ya kutumiwa, lakini ankara ya maji huja baadaye, na deni hubaki kwenye akaunti ya nyumba. Rangi iliyofifia ni uchakavu wa kawaida, usiikate kwenye amana. Kioo kilichovunjwa, kata kwa risiti ya fundi.