Dote, komunyo, Exetat: ninunue kamera ya foto ya papo hapo, ao kaprinta ka telefone?

Foto_Kamalondo

Jambo yenu bandugu. Mimi ni mpiga foto, napita zaidi mitaa yetu ya Lubumbashi, Kamalondo, Kenya na Katuba: dote (feti ya kutoa mahari), komunyo ya kwanza, na zile shangwe za matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Kamera ya dijitali ninayo, na kupiga ninajua. Kinachonishinda ni kuwafikishia watu foto zao.

Mteja anakuambia "nitumie kwa WhatsApp". Unamtumia. WhatsApp inazibana mpaka maua ya kikwembe cha mama hayaonekani tena, yeye anaziweka kwenye statu, kesho yake zimetoweka, na habari ya kuzitoa kwenye karatasi inaishia hapo. Kisha wapo wale wasio na WhatsApp kabisa. Hakuna feti inayokosa shangazi wa mstari wa mbele atakayekushika mkono: "Ile yangu na mzee, utanipa lini?" Telefone yake ni ile ndogo ya kubonyeza. Utamwambia utampa mtoto wake, mtoto atasema hana mega za intaneti, na mwaka ujao kwenye kilio fulani shangazi atakuuliza tena mbele za watu.

Juzi kwenye dote moja Katuba akaja msichana wa upande wa bwana na Instax Mini, kamera inayotoa foto ya karatasi papo hapo, ya rangi ya waridi, kitu unaweza kudhani ni cha watoto. Akawapiga wazee wawili waliokuwa bado wanabishania mbuzi, akawapa karatasi yao. Wakaacha mbuzi, wakakaa kuangalia sura zao zinavyotokea. Basi ikawa mstari. Mama wa bibi harusi ya kwake akaitia ndani ya Biblia na kufunga zipu. Mimi na lenzi yangu ndefu hakuna aliyeniita tena mpaka chakula.

Nataka kuuza foto ya namna ile pembeni ya kazi yangu: mtu analipa franka, anaondoka na yake. Polaroid ao Instax? Ao kale kaprinta kanakotoa foto za telefone? Joto letu la mwezi wa kumi filamu italivumilia? Na watu watalipa kweli, wakati kila mmoja ana kamera mfukoni?

Likasi243

Watalipa ya kwanza sababu ni kitu kipya. Ya pili watakuambia "kaka, ongeza moja ya bure". Miye naona ubaki na labo ya kusafisha foto.

YaMado_BelAir

Mdogo wangu, usimsikilize huyo wa Likasi. Mimi nasuka nywele Bel-Air na nina Instax saluni. Kila msuko mzuri ninaupiga mara mbili, moja ya mteja, moja ya ukutani. Ukuta ule ndio unaoniletea watu. Mtu anaingia, anaweka kidole: "Nifanyie hii."

Kwa feti achana na Polaroid. Si mbaya, rangi zake mimi nazipenda kuliko za Instax, lakini kaseti ina foto 8 tu, kila karatasi inakugharimu zaidi ya mara mbili ya Instax Mini, na ya rangi inachukua dakika 10 mpaka 15 kutokea. Tena ikitoka lazima uifiche mwanga mara moja, uilaze kifudifudi. Feti ya kwetu nani atakuachia meza? Instax Mini kaseti ina 10, sura inaanza kuonekana upesi, na mwanga hauisumbui ikishatoka. Ila foto yenyewe ni ndogo, milimita 62 kwa 46. Watu watano waliosimama wanaenea vibaya. Kwa familia nzima kuna Instax Wide, upana wake ni 99.

Joto sasa. Polaroid wenyewe wanasema upige kati ya digrii 13 na 28. Hesabu mwenyewe: mwezi wa kumi tunapita 30, foto inageuka manjano na nyekundu. Asubuhi ya mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kuvaa kabuti, inatoka imefifia na rangi ya bluu. Instax inavumilia kuanzia 5 mpaka 40. Filamu ambayo haijafunguliwa weka kwenye frigo, mbali na barafu, na uitoe mapema ipate joto la nyumba kabla ya kupiga.

Kitu kitakachokusumbua ni flashi. Filamu ya Instax haisamehe kama dijitali yako. Exetat ndiyo mtihani: mtoto amemwagiwa poda kichwa mpaka mabegani, shati ni nyeupe, wewe unamsogelea na flashi inalipuka. Utapata karatasi nyeupe yenye macho mawili. Rudi nyuma, hatua mbili nzuri, mtoe juani umweke kwenye kivuli cha ukuta ao mti. Usiku ndani ya sale (ukumbi wa feti) ni kinyume: aliye mbele anaonekana, nyuma yake ni giza tupu. Wasogeze karibu na ukuta, ao pazia la rangi wanalopamba nyuma ya wenye feti, ili flashi ipate mahali pa kugonga. Na sisi wenye ngozi nyeusi, ukimpiga mtu amesimama pembeni ya gauni la bibi harusi, kamera inafuata gauni na sura ya mtu inazama. Mpange peke yake.

Bei: gawa kaseti kwa 8, si kwa 10. Mbili zitaharibika, ao mtoto wa mwenye feti atazililia.

Mzee wa Katuba

Vijana, mnaongea kama kitu kimeanza jana. Miaka ya 1980 tulikuwa na Polaroid pale zoo, siku ya Mungu, familia zimetoka misa zimevaa vizuri. Edwin Land alionyesha ufundi huu Marekani mwaka 1947, kamera ya kwanza ikauzwa mwaka uliofuata. Ile ya kutema karatasi yenyewe, bila kubandua, ni ya 1972. Ukingo mpana wa chini si urembo: ndani mna kifuko cha dawa. Karatasi ikipita kati ya rola mbili, kifuko kinapasuka na dawa inatandazwa. Kwa hiyo vumbi letu jekundu la kiangazi likikaa kwenye rola, utaona madoa yaleyale kila foto, mahali palepale. Futa rola kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Na wazuie watu kutikisa karatasi, haiharakishi kitu. Watoto wasiifungue kwa mkasi, dawa ile inaunguza ngozi.

Mwaka 2008 Polaroid ilitangaza inaacha kutengeneza filamu. Watu wachache wakachukua kiwanda cha Enschede, Uholanzi, wakahangaika kuitunga dawa upya, wakaanza kuuza 2010. Ndiyo hiyo mnaiona leo. Ukikuta ya zamani sokoni, zile za namna ya 600, ununue filamu ya 600, usichukue i-Type. Betri ya kamera zile inakaa ndani ya kaseti, na i-Type haina betri. Utaisukuma mchana mzima na haitalia.

Halafu msiifanye Polaroid malaika wa ukarimu. Afrika Kusini serikali ya ubaguzi iliitumia kupiga picha za pasi, zile Waafrika walizolazimishwa kutembea nazo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua na kuanzisha upinzani. Kampuni iliondoka kule 1977. Hapo karatasi ilitoka haraka ili mtu akamatwe haraka.

Foto_Kamalondo

Aksanti sana mzee, aksanti yaya. Hilo la pasi sikuwa nalijua.

Swali moja limebaki. Bibi harusi mmoja aliniambia hataki sura yake Facebook kabla ya ndoa ya kanisa, kwa hiyo karatasi moja isiyo na nakala ingemfaa. Lakini dada yake atakuja kesho kuomba ileile, na nitakuwa sina kitu. Mnafanyaje?

Mzee wa Katuba

Zamani tulimwambia dada akae naye apigwe upya. Na tulimpiga kwa bei kamili.

YaMado_BelAir

Huyo asiyetaka Facebook usijidanganye. Karatasi ikipita mikono mitatu mezani, wa nne ataipiga kwa telefone yake na kuirusha. Ukitaka kumlinda, mpe yeye mkononi, usiiache izunguke pamoja na sahani.

Kwa dada, ndiyo maana kwa kazi yako mimi ningechukua kaprinta ka Instax Link. Kanatumia filamu ileile ya Mini, kanaungana na telefone bila waya. Unapiga kwa kamera yako nzuri, unapitisha foto kwenye telefone, unachagua ile ambayo hakuna aliyefumba macho, ndipo unatoa. Faili inabaki kwako, dada akija unatoa ingine na analipa. Kuna pia Instax Mini Evo, kamera ya dijitali yenye printa ndani, ya 2021. Ila ukipiga kwa kaprinta, ile raha ya wazee wa mbuzi inapungua kidogo, sababu umeshaiona kwenye skrini.

Likasi243

Na hizo printa za bei ya chini za Zink, za kubandika? Hazina dawa wala wino.

YaMado_BelAir

Ninazijua. Rangi iko ndani ya karatasi, joto ndilo linaiamsha. Nzuri kwa daftari la shule. Kwa dote hapana, rangi ya ngozi inatoka ya majivu, na mama mkwe hatakulipa.

Foto_Kamalondo

Basi nachukua Link kwa kazi, na Instax ya kawaida moja ya kuwapiga wazee. Yaya, filamu unaitoa wapi? Nimeambiwa ile inayopandishwa na lori inakaa juani kwenye foleni ya Kasumbalesa, pale mpaka wa Zambia.

YaMado_BelAir

Ya lori usiguse, kwanza angalia tarehe kwenye sanduku hata kama ni ya duka. Yangu inakuja na rafiki anayeenda Dubai, ndani ya mkoba wa mkononi, si valizi ya chini ya ndege, sababu mashine ya kuangalia valizi inaunguza filamu. Pale kwenye ukaguzi anaomba waiangalie kwa mkono. Anasafiri tena mwisho wa mwezi. Niandikie pembeni unataka kaseti ngapi, na dola utume kabla.