Naomba ushauri: aspirini yangu haitaki kuwa safi

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma kemia na nataka mikono izoee maabara kweli, si kukariri hatua za mwongozo tu. Kwa sasa nimekwama kwenye aspirini. Kuitengeneza si shida: asidi ya salisiliki, anhidridi ya asetiki, matone machache ya asidi ya sulfuriki, unapasha moto taratibu, unapoza, unachuja. Kazi iko kwenye kuisafisha. Fuwele zangu zinaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 127 na kumalizikia 132, wakati aspirini safi huyeyuka karibu na 135. Nikidondoshea kloridi ya feri, zambarau inatokea, maana yake asidi ya salisiliki bado imo.

Nasafisha kwa kuziyeyusha fuwele upya na kuziacha zijiunde tena; najua kiyeyusho (kimiminika cha kuziyeyushia) kinatakiwa kiwe kidogo na cha moto, kisha kipoe polepole bila kutikiswa. Lakini kidogo ni kiasi gani? Nikiongeza, mazao yanapungua. Nikipunguza, uchafu unanaswa ndani ya fuwele. Maji ya moto peke yake nayahofia, kwani yanaweza kuivunja aspirini irudi kuwa asidi ileile. Je, nichanganye ethanoli na maji? Kwa uwiano upi?

Pia, mngeanza na kromatografia ya bamba jembamba (njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika ili kuona vilivyomo) kufuatilia mmenyuko, au niumudu usafishaji kwanza? Msimamizi wetu ana wanafunzi wengi, hawezi kusimama na kila mmoja. Aliyewahi kufundisha kazi hii anieleze anavyotambua kwa macho kwamba kiyeyusho kimetosha.