Mjadala: Lori likizidisha uzito, faini ilipwe na nani?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Kila yakitajwa malori na lami inayobonyea, jibu ni lile lile: faini ipandishwe, mwenye gari afungiwe biashara. Mimi napinga. Mzigo unapita mikono mingi kabla haujafika kwenye mizani, lakini anayebanwa ni mmoja.

Sitetei kuzidisha. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12, barabara inaumia mara mbili. Kwa hiyo anayesema "ni tani mbili tu" anatubomolea barabara sote, na wapo wanaofanya hivyo makusudi, wanaopita mizani salama kisha wanaongeza mzigo mbele ya safari. Hao washughulikiwe, sina huruma nao.

Sasa tazameni upande wa pili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo. Wengi wanaikariri hiyo 56 tu. Ekseli nazo zina ukomo wake: ya usukani tani 8, mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za tela 24, zikiwa na matairi pacha. Jumlisheni wenyewe. Semi, yaani kichwa na tela lake, ya ekseli sita inaishia tani 50, si 56. Na hata ukiwa na 48 kwa jumla, unaweza kukamatwa kwa sababu mzigo umelalia nyuma.

Chukueni kontena linalokwenda Lubumbashi. Dereva analipokea bandarini Dar es Salaam likiwa na sili, na kuikata ni kesi ya forodha. Aliyelipakia huko lilikotoka alirundika mashine zote upande wa mlangoni. Gari linafika kwenye mizani ya Vigwaza, ekseli za tela zinasoma 26. Ungekuwa mzigo wa magunia, utingo angefungua turubai, wangesogeza mbele na kurudi kupima. Kwa kontena hakuna pa kushika. Gari linaegeshwa, faini inaandikiwa gari, posho ya njiani inaliwa hapo hapo, na aliyepanga zile mashine hata habari hana.

Wala tusiambiwe kwamba uzito haukujulikana. Tangu Julai 2016, kanuni za SOLAS za usalama wa baharini zinamtaka anayetuma mzigo athibitishe uzito wa kontena kabla halijapandishwa melini. Namba ipo. Kinachokosekana ni mpangilio wa ndani, na huo anaujua aliyepakia peke yake.

Kuna wanaosema mwenye gari akatae mzigo mbovu. Akatae vipi, wakati nyuma yake kuna gari jingine linasubiri mzigo huo huo na marejesho ya benki yanamngoja mwisho wa mwezi? Mwaka 2013, Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi alifuta msamaha wa kuzidisha uzito kwa asilimia 5. Malori yakagoma na Waziri Mkuu Pinda akaurudisha. Tulibishana sana juu ya asilimia, mwenye mzigo hakutajwa kabisa. Australia wameliweka wazi: sheria yao ya magari mazito inambana pia mwenye mzigo, anayefungasha na anayepakia.

Pendekezo langu ni hili. Ekseli zipimwe getini, gari likiwa bado bandarini au ghalani, na karatasi ya vipimo itolewe ikiwa na jina la aliyepakia. Gari likizidi pale, lisitoke mpaka mzigo upangwe upya, kwa gharama ya mwenye mzigo. Likitoka sawa kisha likakutwa limezidi njiani, hapo faini yote ni ya mwenye gari, asilalamike.

Najua wenye maghala na mawakala wa forodha mmo humu. Faini ya kontena lenye sili mnaona ni halali kulipwa na mwenye gari peke yake? Mkisema ndiyo, tupeni sababu.