Tupeane uzoefu: Vuli katika miji ya Montréal na Québec

Ndugu zangu, heshima kwenu. Sisi tunaoishi Amerika Kaskazini hatukosi mgeni kutoka nyumbani anayetamani kuona yale majani mekundu ya kwenye picha. Naomba waliokwenda Montréal na Québec, nchini Kanada, majira ya vuli watueleze walifika lini, walizungukaje, na Kifaransa kiliwapa taabu gani.

Naanza mimi. Mjomba wangu nilimpeleka Montréal wiki ya mwisho ya Oktoba, nikiamini kwamba vuli ni vuli tu, nasi tulipopanda Mont Royal, kilima cha mita 233 kinachouangalia mji, tulikuta sehemu kubwa ya majani imekwisha kupukutika na kugeuka kahawia ardhini. Mjomba aliniuliza kwa upole kama hayo ndiyo niliyomtoa Morogoro kuja kuyaona. Baadaye wenyeji walinieleza kwamba kwa kawaida rangi hukolea katika nusu ya kwanza ya Oktoba, hasa mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha.

Mzaliwa wa Lubumbashi, mkazi wa Montréal

Wenyeji wamekuambia kweli, ila kumbuka kwamba Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya shukrani hapa Kanada, na mwishoni mwa juma hilo vyumba hujaa na bei hupanda. Mgeni wako mlete katikati ya juma. Kuhusu lugha, sisi wa Kongo tunadhani tumefika kwetu, kisha nasema "nonante" katika soko la Jean-Talon na muuza maboga anatabasamu, kwa kuwa hapa tisini ni "quatre-vingt-dix" kama Ufaransa. Kwenye milo, hata hivyo, tunaelewana nao kabisa: "déjeuner" ni chakula cha asubuhi, "dîner" cha mchana, na "souper" cha jioni.

Mgeni kutoka Dar es Salaam

Laiti ningeyasoma maneno hayo kabla ya safari! Kifaransa changu ni cha darasani, ambako tulifundishwa kwamba "dîner" huliwa usiku. Mama mwenye nyumba niliyofikia mjini Québec alinialika "dîner" siku ya Jumapili, nami, nikiwa na hakika kwamba mchana wote ni wangu, nikatembea juu ya kuta za mji mkongwe, zenye karibu kilomita 4.6, nikapumzika kwenye baraza ya mbao mbele ya hoteli ya Château Frontenac nikiutazama mto Saint-Laurent, kisha saa moja jioni nikabisha hodi na boksi la chokoleti mkononi. Vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa tangu saa nane. Alinipashia supu ya njegere bila kununa, na aibu yangu ikaisha kwenye bakuli la pili.

Mkazi wa Ottawa

Mimi nilikwenda na mama yangu, ambaye magoti humsumbua, na nawatahadharisha wenye wazee kwamba Québec ni mji wa miinuko: sehemu ya juu na ya chini zimetenganishwa na jabali, na ngazi maarufu zinazoziunganisha zinaitwa Casse-Cou, yaani za kuvunja shingo. Kando yake kuna kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma, "funiculaire", kilichoanza kazi mwaka 1879. Huko chini tulipanda kivuko hadi Lévis, ng'ambo ya mto, safari isiyofika robo saa, na kwa maoni yangu hakuna mahali panapouonyesha mji vizuri zaidi, jabali likiwa limevishwa miti ya manjano. Upepo wa mtoni ni mkali, kwa hiyo mama alijifunga kanga juu ya koti. Siku hiyo alipanda kile kibehewa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hatukuwa na safari yoyote.