Mjadala: Klabu ya soka ya watoto imtaje kocha kabla ya kupokea hela ya mzazi, au tunadai makuu?

Baba Mapacha (Ohio)

Habari za humu ndugu zangu, hasa mnaolea watoto huku Marekani. Kuna jambo linanikereketa tangu mwezi wa tano, nimejaribu kulimeza limegoma. Anayeona nimekosea anikosoe, ila bila matusi.

Nina mapacha wa kiume wa Oktoba 2014, Kulwa na Doto. Wanachezea klabu moja hapa mjini ambayo siitaji jina, maana bado inanidai. Majaribio ya msimu huu yalikuwa jioni mbili, saa moja na nusu kila jioni. Watoto kama sitini, kila mmoja kabandikwa namba mgongoni, na sisi wazazi tumesogezwa nje ya uzio tunachungulia kama tumekwenda kumwona mfungwa. Kocha aliyewafundisha wanangu mwaka mzima alikuwepo, kashika karatasi zake. Muda mwingi alikuwa anapiga soga na mzazi mmoja ambaye nasikia ndiye anayefadhili jezi.

Usiku wa siku ya pili, saa nne, imeli ikaingia. Kulwa timu A, Doto timu B. Una saa 48 za kukubali, na kukubali maana yake ni kulipa dola 400 ambazo hazirudi hata ukifiwa. Ada ya mwaka dola 2,300 kwa kila mtoto, jezi mbali, hoteli za mashindano mbali. Mahali pa jina la kocha pameandikwa "atatangazwa".

Sasa sikilizeni. Mwezi wa nne walituita kikao. Mkurugenzi wa ufundi akasimama na kocha mmoja mzuri kweli, mwenye leseni na subira, wakatueleza falsafa ya klabu mpaka tukalainika. Hakuna aliyesema kwamba huyo ndiye atakayewafundisha hawa wadogo. Hakuna aliyesema siye, vilevile. Tukalipa. Julai kocha yule kapelekwa kwa wasichana wa sekondari. Timu A ikapewa mtu tuliyemwona kwa mara ya kwanza siku ya mazoezi. Timu B ikapewa kijana wa chuo anayemaliza masomo Desemba, na ameshasema akimaliza anaondoka mjini. Viwanja vyao vimeachana maili kumi na nne, na mazoezi yote ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Mke wangu anaingia shifti ya usiku hospitali. Gari ni moja.

Hoja yangu ni hii: karatasi tunazosaini zinamfunga mzazi mwaka mzima. Ukimtoa mtoto Oktoba, salio unadaiwa. Klabu yenyewe haijifungi kwa lolote: si kocha, si kiwanja, si saa. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe unalilipia. Klabu imtaje kocha kabla ya kupokea hela, na ikimbadilisha kocha huyo, mzazi awe huru kuondoka na chake.

La pili, hayo majaribio ni maigizo. Timu ilishapangwa. Mnawatoa jasho watoto sitini kuhalalisha orodha iliyoandikwa Machi.

Mwalimu wa Pembeni (Minnesota)

Pole Baba Mapacha, hasa hiyo ya gari moja. Mimi ni Mkenya, mwaka wa tisa huu nafundisha watoto wa miaka tisa hadi kumi na tatu katika klabu ya kulipia. Wacha niseme yale ambayo mkurugenzi hawezi kukuambia.

Orodha iliandikwa Machi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Katika wachezaji kumi na wanne mimi huwa nawajua kumi kabla ya majaribio. Nimewaona kwenye mvua, nimewaona wakifungwa sita bila, namjua anayelaumu wenzake na namjua anayeokota koni bila kuambiwa. Ungetaka nisahau yote hayo kwa sababu ya jioni mbili? Mtoto akiwa na mafua Jumatatu ashushwe timu B? Majaribio ni ya zile nafasi nne zilizobaki, na ya watoto wageni ambao sijapata kuwaona. Kosa letu ni kuwaficha hilo. Tungewaambia wazi, nusu ya kelele hizi zisingekuwepo.

Sasa kuhusu kocha. Wengi wetu hii si kazi yetu kamili. Mimi asubuhi napakia mizigo ghalani, jioni niko uwanjani. Klabu hainipi mkataba mpaka ijue itakuwa na timu ngapi, na haijui timu ngapi mpaka wazazi walipe. Wewe unataka jina ndipo ulipe, klabu inataka ulipe ndipo ipate jina. Kuku na yai. Nikitajwa Aprili halafu Agosti ghala linihamishie shifti ya jioni, utasema tulikudanganya.

Na kuna sababu nyingine inayosemwa chini kwa chini tu: mzazi akimfuata kocha kwa jina, kocha akihama anahama na timu nzima. Nimeona klabu ikipoteza watoto kumi na watatu kwa wikendi moja namna hiyo. Ndiyo maana wakurugenzi wanapenda sana mseme mmejiunga na klabu, si na kocha.

Mama Februari

Samahani nawaingilia. Baba Mapacha, hivi unajua wanao wa Oktoba ndio wamekula bingo mwaka huu? Wangu alizaliwa Februari 2014. Kwa kipimo cha mwaka wa kuzaliwa, Januari mpaka Desemba, alikuwa mkubwa kwenye kundi lake: mrefu, ana mbio, kocha anampenda. Sasa kuanzia msimu wa 2026/27 mashirika makubwa ya soka la watoto yamerudi kuhesabu kuanzia Agosti mosi hadi Julai 31, kama ilivyokuwa kabla ya mabadiliko yaliyoanza 2017. Kwa hiyo wako wanarudia U12, yaani chini ya miaka 12, wachezaji tisa kwa tisa, wakiwa ndio wakubwa. Wangu kapelekwa kumi na moja kwa kumi na moja pamoja na waliozaliwa Agosti 2013, wenye sauti nzito tayari. Kwenye majaribio aligongwa bega moja tu akakaa chini. Timu C.

Mtoto ni yule yule, miguu ni ile ile. Kalenda imegeuzwa, kipaji kimeyeyuka. Halafu tunaambiwa makocha wana jicho.

Mwalimu wa Pembeni (Minnesota)

Mama, hapo sina utetezi. Jicho letu linapenda urefu. Tunasema tunatafuta akili ya mpira, kisha tunamchukua anayewahi mpira.

Mruzizi (Texas)

Mimi nimetoka Uvira, Kongo, nikapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa niko huku na watoto watano. Hizo dola 2,300 mnazozigombania, mimi kwa mtoto mmoja siwezi, kwa hiyo mniruhusu niseme kutoka nje ya uzio wa pili.

Bernard Kamungo mnamjua? Kijana wetu, kazaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, wazazi Wakongo. Familia ililetwa Abilene hapa Texas mwaka 2016. Hakupita kwenye hizo timu A na B zenu. Alichezea shule ya sekondari, akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, kaka yake kamlipia. Mwaka 2021 akasajiliwa. Agosti 2023 alikuwa anaifunga Inter Miami ya Messi kwenye Leagues Cup, kombe la klabu za Marekani na Mexico. Kwa hiyo mtu akisema majaribio yote ni maigizo, mimi nakataa. Mlango ule ulikuwa wazi na mtu aliingia.

Lakini nakataa pia anayesema mfumo ni mzuri kwa sababu ya Kamungo. Siku ile alikuwa kijana aliyekwisha kupevuka. Hawa wa miaka kumi na moja wanalipishwa ili waonekane, na asiyeonekana mapema anapewa kocha wa mwisho, kiwanja cha mwisho, saa ya mwisho. Hata Wamarekani wenyewe: Clint Dempsey alitoka Nacogdoches, mji mdogo wa huku Texas, mwendo wa kama saa tatu mpaka Dallas kwa ajili ya klabu, wazazi wake wakafika mahali gharama zikawashinda, wazazi wenzao wakawashika mkono. Huyo ndiye aliyekuja kuifungia timu ya taifa mabao 57. Mkono ule usingepatikana, je?

Chandimu Mpaka Magharibi (Dar es Salaam)

Nasoma hapa nacheka na kusikitika. Dola 2,300 ni zaidi ya milioni tano za huku! Kwa milioni tano mtaani kwetu mnaanzisha ligi ya ndondo na kombe juu, na mbuzi wa mshindi.

Sisi majaribio yetu yalikuwa rahisi: mafundi wawili wanachagua mmoja mmoja, wa mwisho anakaa golini, na mwenye mpira hakai benchi. Hiyo sheria ya tatu naona Marekani mmeichukua, ila mmeibadili jina mkaiita ufadhili wa jezi.

Ila nisijisifu. Huku ukienda kwenye majaribio ya vijana wa chini ya miaka 17 utakutana na kijeba ana ndevu, na kocha anamwita "dogo". Mpaka FIFA wakaanza kupiga picha za kifundo cha mkono kwenye mashindano ya U17, kuanzia 2009, kuangalia mfupa umekomaa au la. Mama Februari analia na miezi sita, sisi tunalia na miaka sita.

Shangazi wa Benchi

Mimi niseme kidogo tu. Binti yangu alikaa timu A mwaka mzima akicheza dakika kumi kwa mechi, kisa mimi niliona aibu kusema mwanangu yuko B. Mwaka uliofuata nikamtoa, nikampeleka ligi ya AYSO, shirika la soka la watoto huku Marekani. Wale wapo tangu 1964 na msimamo wao ni kwamba kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi, na timu zigawanywe ziwe na nguvu sawa. Makocha ni wazazi wa kujitolea. Ukilalamika sana unapewa filimbi wewe.

Nikapewa filimbi. Wiki ya kwanza nilimweka mtoto wa jirani winga kwa sababu mama yake hunipa lifti. Kwa hiyo makocha nimewasamehe kidogo.

Baba Mapacha (Ohio)

Shangazi umenichekesha, mke wangu amekuja kuuliza kuna nini.

Nimesoma wote. Mwalimu, la majaribio nimekuelewa na narudi nyuma. Kumwona mtoto mwaka mzima ni haki kuliko jioni mbili, tatizo ni kutufanya tuamini nafasi ziko sitini wakati ziko nne. Waseme ni nne. Kuna mzazi alichukua likizo bila malipo siku zile mbili.

La kocha sirudi. Kuku na yai ni tatizo la klabu, mbona gharama ya kulitatua ni yangu peke yangu? Sikudai mnipe hirizi kwamba hutahamishwa shifti. Waandike "tunatarajia fulani". Akibadilika kabla ya mazoezi ya kwanza, dola 400 zirudi. Ni sentensi mbili tu kwenye fomu yenye kurasa sita.

Mwalimu wa Pembeni (Minnesota)

Kabla ya mazoezi ya kwanza, mimi ningeisaini hiyo. Baada ya hapo hapana, maana viwanja vimelipiwa, waamuzi wamelipiwa, na timu ya kumi na wanne ikibaki na tisa inakufa na kuwaua hao tisa. Lakini mkurugenzi wangu hatakubali hata hiyo ya kwanza, nakuambia mapema. Atasema wazazi watawindana na makocha.

Mama Februari

Si wanawindana tayari? Imeli ya orodha inaingia saa nne usiku, saa nne na dakika tano kundi la WhatsApp la wazazi linawaka moto. Afadhali wawindane wakiwa na taarifa.

Mruzizi (Texas)

Na wasiokuwa kwenye hilo kundi la WhatsApp, ambao Kiingereza chao ni cha kubahatisha, wanajua lini? Mimi mwaka jana nilijua mwanangu kabadilishiwa kocha na kiwanja nilipofika nikakuta nyasi tupu. Andikeni hiyo sentensi, lakini andikeni na mtu apige simu.

Shangazi wa Benchi

Baba Mapacha, hatujakusikia ukisema watoto wenyewe wanasemaje.

Baba Mapacha (Ohio)

Kulwa wa timu A kanyamaza. Kocha wake mpya hajamkariri jina, anamwita kwa namba ya jezi.

Doto nilimuuliza jana kwenye gari kama anataka nimtafutie klabu nyingine. Yule kijana wa chuo huwa anabaki nao nusu saa baada ya mazoezi wanashindana danadana, na Doto kafikisha 43. Akaniuliza kama kocha wake naye atahamia huko.

Mwalimu wa Pembeni (Minnesota)

Huyo ndiye uliyesema anaondoka Desemba?

Baba Mapacha (Ohio)

Ndiye. Bado hatujamwambia.