Mjadala: Mkenya azuiwe kununua machungwa shambani Muheza?

Mzee wa Raskazone
Wadau, Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowafungia wasio raia biashara 15. Mbili zinatugusa Tanga moja kwa moja: kununua mazao shambani na uwakala wa forodha. Mgeni akikutwa, faini haipungui milioni 10 au jela isiyozidi miezi 6. Raia anayemficha naye ana fungu lake, milioni 5 au miezi 3. Wakenya wakalalamika kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, imevunjwa.

Kwa upande wa machungwa naiunga mkono. Mtu anatoka Mombasa hadi Mkanyageni, anamkuta mkulima ada ya shule imembana, ananunua mti ungali na maua. Mti unakuja kuzaa mara mbili ya walivyokisia, malipo ni yaleyale ya maua. Abaki mpakani Horohoro, asubiri mzigo. Anayepinga aje na hoja.

Bint Makorora
Shikamoo mzee. Napinga. Anayenunua maua mara nyingi ni dalali wa hapahapa Muheza, mwenye fedha iliyotoka ng'ambo ya mpaka. Mkenya mwenyewe huja kuvuna, na Fuso yake. Amri imemwondoa mwenye Fuso ikamwacha dalali peke yake chini ya mchungwa. Sasa wanunuzi watano wakiwa wawili, na chungwa limeshaiva mtini, bei anapanga nani?

Isitoshe kinachomwibia mkulima ni hesabu. Shambani chungwa linahesabiwa, mbele kwenye supamaketi na hoteli linapimwa kwa kilo. Chukua Fuso ya machungwa 40,000. Yakiwa ya gramu 180 ni tani 7.2, yakiwa ya gramu 220 ni tani 8.8. Tani 1.6 hizo mkulima kazitoa sadaka, na aliyezipokea anaweza kuwa raia safi kabisa mwenye kitambulisho cha NIDA.

Shekhe wa Chumbageni
Hesabu sawa dada, lakini usisahau tunashughulika na nani. Machi 2021 Kenya iliyapiga marufuku mahindi yetu na ya Uganda kwa barua moja, sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Siku tano baadaye wakalegeza, ila kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili (kinachoonyesha umetoka wapi) na cha vipimo, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yalikuwa yameshakwama njiani. Ukimbana jirani naye anakaa mezani. Aprili 2025 tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa sababu walikuwa wamezuia ya kwetu, na siku chache tu mazungumzo yakaanza, zuio likaondolewa.

Bint Makorora
Shekhe, hata sisi si malaika. Mwaka 2017 tulinadi ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya na kuchoma vifaranga 6,400 pale Namanga. Na mpaka ulipofungwa Februari 1977 hadi Novemba 1983, biashara haikufa, ilihamia njia za panya na majahazi ya Moa na Jasini kwenda Vanga, upande wa Kenya. Ushuru haukulipwa kwa yeyote. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukagoma mwezi mzima. Chungwa ukiligomea unaligomea wewe, linaoza kwako.

Wakala wa Forodha, Horohoro
Mnabishana juu ya pasipoti ya mnunuzi, na mzigo unakwama kwa mengine kabisa. Niseme linaloendelea mpakani.

Mzigo usiozidi dola 2,000, takriban milioni 5 za kwetu, bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita kwa cheti cha asili kilichorahisishwa. Kinajazwa palepale kituoni na hulazimiki kuwa na wakala. (Ndiyo, nasema hivyo na mimi ni wakala.) Kosa la kwanza: watu hudhani cheti hicho kinamaliza kila kitu. Kinaondoa ushuru wa forodha tu. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, kiko palepale, hata kama una matenga mawili.

Kosa la pili ni mpangilio. Mwagizaji wa Kenya huomba kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa kwao, ndipo TPHPA wakague kwa masharti ya kibali hicho. Wengi hupakia kwanza, kibali kinatafutwa gari likiwa Duga, karibu na mpaka. Na jina likipishana kidogo, kibali cha kampuni na cheti cha mtu binafsi, gari linalala.

La tatu, bei. Machungwa 40,000 kwa shilingi 100, nasema mfano tu, ni milioni 4, uko ndani ya kiwango. Kwa 150 ni milioni 6, umetoka, unatakiwa tamko kamili la forodha na cheti cha asili cha kawaida kupitia TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Ndiyo maana risiti nyingi zinaandikwa bei ya chini. Kisha mkulima anauliza mbona takwimu za serikali zinaonyesha chungwa lake ni la bure!

Mchungwani
Wakala kasema kweli, ila gari likilala siku moja lisingeoza kama machungwa yangetoka shambani yakiwa mazima. Tazameni uchumaji. Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, kijana yuko juu na ngoeko, ule mti wenye ndoano, anavuta. Ganda la chungwa lenye maji limejaa na kukaza. Likiminywa kidogo tu, vifuko vya mafuta vinapasuka, mafuta yanaunguza ganda, kesho yake unaona mabaka ya kahawia. Linalovutwa hung'oka kikonyo na kuacha kitundu, hapo ndipo ukungu wa kijani unaingia. Kisha yanamwagwa ndani ya Fuso bila matenga, kina cha mita moja na nusu, turubai juu. Chungwa linapumua, linatoa joto, ya chini ndiyo ya kwanza kulainika.

Yasubiri jua liyakaushe, hadi saa tatu au nne asubuhi. Yakatwe kwa mkasi, kikonyo kibaki kifupi usawa wa ganda. Majani yasiwemo hata moja, maana mkaguzi akiona jani anaona wadudu, na ana haki. Rangi ya kijani isimtishe mtu, pwani usiku hauna baridi ya kuligeuza manjano.

Shekhe wa Chumbageni
Basi tuingize machungwa kwenye stakabadhi ghalani kama korosho, yawekwe ghalani yauzwe kwa mnada, tumalize.

Mchungwani
Ghala gani, shekhe? Korosho inakaa miezi. Chungwa bila chumba cha baridi unalihesabia siku. Na wanaosubiri kiwanda cha juisi, kiwanda kikija kitataka bei ya chini kuliko mnunuzi wa matunda ya kula. Kitafaa kwa yale madogo na yenye mabaka.

Mzee wa Raskazone
Nimewasikia. La mnunuzi wa shambani nalegeza, kwa sharti moja: anunue kwenye kituo cha chama cha msingi cha ushirika, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, si chini ya mti. Uwakala wa forodha hapo sisogei, ubaki wa Watanzania. Na mauzo ya maua yapigwe marufuku kwa wote, raia na mgeni.

Bint Makorora
Ya mizani nakubali. Ya maua hapana, mzee. Ukipiga marufuku, mwenye shida ya Januari atauza hayohayo maua kwa siri na kwa bei mbaya zaidi. Chama kimkopeshe nusu ya makisio, alipe wakati wa mizani. Bila hivyo hicho kituo kitakaa na mizani yake na machungwa yatapita nyuma.

Mzee wa Raskazone
Na anayekisia ni nani? Maana mti mmoja dalali anaona matunda 500, mwenye shamba anaona 900.

Mchungwani
Hesabu miti kumi, usichague, fuata mstari mmoja wa shamba. Hesabu baada ya vitunda vidogo kuacha kupukutika, si kwenye maua, maana maua mengi huanguka hata mwaka mzuri. Toa wastani, mkopo uhesabiwe kwa nusu yake. Dalali akiwepo ahesabu pamoja na chama na mwenye shamba.